Mstari wa dini kwenye fomu

Wewe unayeanza kazi katika makao ya wazee, fomu ya kumpokea mkazi ina mstari wa dini. Utaujaza mara moja na kugeuza ukurasa. Mimi niliandika "Mwislamu" kwa mzee mmoja nikaridhika. Wiki tatu nzima akagoma kuogeshwa asubuhi, nasi tukamwita mkaidi. Kumbe saa ile ndipo alipokuwa akivuta uradi, yaani dua na dhikri zake za kila siku, baada ya swala ya alfajiri, tangu ujana wake. Tulipousogeza muda wa kuoga, hakugoma tena. (Chai yetu aliendelea kuilalamikia, na alikuwa na haki.)

Kwa hiyo uliza zaidi. Daktari Christina Puchalski wa Marekani na wenzake walitunga, miaka ya 1990, maswali mafupi yaitwayo FICA: unaamini nini, kina uzito gani kwako, una jumuiya gani, na sisi tukuhudumie vipi katika hilo. La jumuiya ndilo linalonishughulisha mno. Mtu aliyekuwa akiadhini au akiongoza kwaya amefika hapa, sasa kila kitu analetewa. Sala bado anayo. Alichopoteza ni watu waliokuwa wakimtegemea. Mwombe basi aombee chakula, au amsomee jirani asiyeona.

Usimwambie mgonjwa aache kuswali ili apumzike. Mwislamu asiyeweza kusimama husali ameketi, akishindwa husali amelala. Maji yakimdhuru, hutayamamu, yaani hujitwaharisha kwa udongo safi badala ya maji. Ulizia tu kibla, upande wa Makka, na umsaidie kugeuka. Tasbihi na rozari zisiende kwa dobi pamoja na mashuka. Ndiyo, imetokea.

Padre naye usimwite bila kumuuliza mkazi. Mwaka 1972 Kanisa Katoliki lilirekebisha taratibu za Mpako wa Wagonjwa, sakramenti ya kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu, na hausubiri mtu awe anakata roho. Lakini mzee aliyelelewa kabla ya hapo akiona mafuta matakatifu mlangoni anaweza kudhani ndiyo kwaheri.

Kuna pia imani inayochoma. Mwanasaikolojia Kenneth Pargament ameandika sana juu ya waumini wanaojiona wameachwa na Mungu au wanaadhibiwa naye. Bibi mmoja aliniambia kuletwa kwake hapa ni malipo ya dhambi zake. Nikamjibu haraka, "Mungu anakupenda, bibi." Akageukia ukutani. Leo ningevuta kiti, ningemuuliza ni lini alianza kuona hivyo, kisha ningenyamaza.

Aliyeshikwa na ugonjwa wa kusahau anaweza asikumbuke jina la mwanawe, ila ubeti aliouimba utotoni ukatoka wote. Anzisha mstari wa kwanza, halafu subiri. Subiri kuliko unavyodhani inatosha.

Na asiye na dini? Usimwombee kwa sauti akiwa amelala, kama nilivyomwona mwenzangu akifanya. Muulize nini humtuliza. Mkazi wetu mmoja alitaka kiti chake kigeuzwe kitazame mti, basi.