Paswedi ya admin ikisahaulika usikubali kufomatiwa kabla hujaangalia haya

Mkuu umesema laptopu ya dada yako ni Windows 10, kasahau paswedi, akaunti ya admin ndo hiyo hiyo moja, na fundi keshamwambia lazima apige Windows upya. Mwambie asubiri kwanza. Nimekaa na mashine za watu muda mrefu na kinachoniuma ni mtu kupoteza picha za wanae na ripoti ya chuo kwa tatizo ambalo halijagusa faili hata moja, paswedi kusahaulika siyo diski kufa.

Kitu cha kwanza angalia pale kwenye skrini ya kuingilia. Kama chini ya jina kuna imeili basi hiyo ni akaunti ya Microsoft, hapo chukua simu ingia account.live.com/password/reset, watamtumia namba za kuthibitisha, anaweka paswedi mpya, afu laptopu uiunganishe na intaneti hapo hapo kabla hajaingia, ukiiacha bila intaneti itaendelea kung'ang'ania ile ya zamani na utadhani imegoma.

Kama ni jina tu bila imeili ni akaunti ya ndani ya mashine. Andika paswedi yoyote ya uongo, ikikataa angalia kama chini inatokea sehemu ya kuseti upya, tangu toleo la 1803 la mwaka 2018 ukitengeneza akaunti ya hivyo inakuuliza maswali matatu ya usalama, akikumbuka majibu kazi imeisha.

Asipokumbuka ndo unaenda kwenye flashi. Tafuta kompyuta nyingine, shusha Hiren's BootCD PE (mfumo mdogo wa kuwashia kompyuta kutoka kwenye flashi), ichome kwenye flashi kwa programu ya Rufus (flashi itafutwa yote so itoe vitu kwanza), washa laptopu ukigonga F12 kwa Dell na Lenovo nyingi au F9 kwa HP uchague flashi. Ikiwaka, kabla ya kugusa chochote ingia kwenye diski ya laptopu, folda ya Users, kopi mafaili yake yote uweke kwenye diski ya nje. Hii hatua usiiruke kabisa. Ukimaliza fungua NT Password Edit (programu iliyomo humo humo kwenye Hiren's), ielekeze kwenye faili la SAM, ndo linalotunza paswedi za Windows, lililopo Windows\System32\config, chagua jina lake, weka paswedi tupu, sevu, chomoa flashi, riistati, anaingia bila kuulizwa.

Ila mwambie mapema kwamba kwa njia hii ya flashi paswedi alizosevu kwenye brauza zinaweza zisifunguke tena, na mafaili aliyoyafunga kwa EFS (njia ya Windows ya kufunga faili moja moja) yatabaki yamefungwa.

Sasa kama diski yenyewe ikigoma kufunguka na inadai ufunguo wa BitLocker (ulinzi wa Windows unaofunga diski nzima), acha kila kitu. Huo ufunguo una tarakimu 48, mara nyingi upo kwenye akaunti yake ya Microsoft, aingie account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa imeili yoyote aliyowahi kuitumia kwenye hiyo mashine, hata ile ya zamani ya chuo au ya kazini aulizie kwa watu wa IT. Ukikosekana kote huko hakuna fundi wa kuyatoa hayo mafaili, anayekwambia anaweza anataka hela yako tu.

Akishaingia mtengenezee akaunti ya pili ya admin siku hiyo hiyo, paswedi yake aiandike kwenye karatasi ikae nyumbani, isikae kwenye begi la laptopu.