Kilima cha Rysum si cha asili

Umeuliza kwa nini nyumba za Rysum, kule Ostfriesland, Ujerumani, zimezunguka kilima wakati pande zote ni tambarare. Ndugu, kile kilima ni cha kujengwa. Wazee wao walirundika udongo na samadi wapate pa kuishi maji yakipanda, maana matuta ya kuzuia bahari yalianza baadaye, kama mwaka 1000. Kanisa liko juu kabisa, na ogani yake ya karne ya 15 bado inapigwa!

Matuta nayo si kinga kamili: Krismasi ya 1717 bahari iliyavunja, maelfu wakafa pwani ile. Jirani hapo, Freepsum, ziwa lililokaushwa liko zaidi ya mita 2 chini ya usawa wa bahari. Pampu zikizimwa, mvua tu italirudisha.