Kutoka Dunga hadi Sera za Bahari

Mdogo wangu, umeuliza kama mzaliwa wa Kisumu, mbali na pwani, anaweza kuwa mhadhiri wa sera za bahari. Anaweza, tena ziwa letu la Viktoria ni mwanzo mwema: ukisimama kwenye ufuo wa Dunga alfajiri, samaki aina ya mbuta wakipimwa kwenye mizani huku wavuvi wakibishana na kamati ya ufuo kuhusu matundu ya nyavu, unaiona sera yenyewe ikifanya kazi. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya ina kituo Kisumu, kwa hiyo omba mafunzo ya kazi huko kwanza. Usome pia Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, kwa sababu wengi, kwa maoni yangu, huukimbilia uchumi wa buluu, yaani uchumi unaotegemea rasilimali za bahari na maziwa, bila kuujua msingi wake wa kisheria. Uzamili waweza kuufanyia Malmö, Uswidi, katika chuo kikuu cha ubaharia kilichoanzishwa mwaka 1983.