Feidi au droo: mpira wa draiva uupindishe upande gani?

Swali: Shikamoo kocha. Nacheza gofu Arusha, napiga kwa mkono wa kulia, handikapu yangu (kipimo cha uwezo wa mchezaji) ni 17. Tangu zamani mipira yangu ya draiva, ile fimbo ndefu ya pigo la kwanza, inaanza kushoto kidogo kisha inarudi kulia. Wenzangu wakaniambia hiyo ni slaisi, nijifunze droo, mpira unaopinda kushoto, kwa sababu inakwenda mbali. Nimehangaika nayo miezi minne. Sasa nina mipira ya aina mbili: mmoja unapinda kulia kama zamani, mwingine unaondoka vizuri halafu unazama kushoto kwenye miti. Nikisimama kwenye tii, pale pa kupigia pigo la kwanza, sijui tena nilenge wapi. Mwezi ujao tuna mashindano Lugalo, Dar es Salaam. Nishike ipi?

Jibu: Marahaba. Rudi kwenye feidi yako, yaani ule mpira unaoanza kushoto na kurudi kulia, na uirudie leo, usingoje wiki ya mashindano. Mshika mbili moja humponyoka, na kwenye tii hilo linaonekana haraka kuliko mahali pengine popote uwanjani.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo iliyonifanya mimi mwenyewe niache kuwafundisha wachezaji wa kawaida mapigo mawili ya draiva. Chukua feawei, ule ukanda wa nyasi fupi unaotakiwa kuangukia, yenye upana wa mita 30. Mtu asiyejua mpira wake utapinda wapi hulenga katikati, kwa hiyo ana mita 15 za kukosea kulia na 15 kushoto. Wewe mwenye feidi unalenga ukingo wa kushoto. Mpira ukigoma kupinda, unaanguka ukingoni, bado uko salama. Ukipinda mita 15 kama kawaida yake, uko katikati. Ukizidi ukapinda 28, umebaki kwenye nyasi fupi. Feawei ni ileile, ila wewe umejipatia mita zote 30 za kukosea upande mmoja. Lakini hesabu hii inasimama kwa sharti moja tu: mpira usiende kushoto kamwe. Siku ile ulipoanza kupata mpira unaozama kushoto, feawei yako ilirudi kuwa nyembamba, na ndiyo maana hujui ulenge wapi. Si woga, wala hujasahau kucheza.

Sasa, kwa nini mpira unapinda? Hapa ndipo wengi walipofundishwa vibaya, na sisi walimu tulichangia. Kwa miaka mingi tulisema mpira unaanzia kule fimbo inakopita, kisha unapinda kuelekea kule uso wa fimbo (ile sehemu bapa inayogusa mpira) unakotazama. Rada za kupima mapigo zimeonyesha kinyume chake. Mpira huanza karibu kabisa na kule uso unakotazama wakati wa kugusana. Kwa draiva, uso unabeba zaidi ya robo tatu ya mwelekeo wa kuanzia. Kupinda kunatokana na tofauti kati ya uso na njia ya fimbo. Uso ukitazama kulia kwa njia, mpira unapinda kulia. Ukitazama kushoto kwa njia, unapinda kushoto. Tofauti ikikua, kupinda nako kunakua.

Kwa hiyo feidi nzuri ya mtu wa mkono wa kulia iko hivi: uso unatazama kushoto kidogo kwa lengo, na njia ya fimbo inakwenda kushoto zaidi ya uso. Soma sentensi hiyo mara mbili. Wachezaji wengi huelekeza miguu kushoto na uso moja kwa moja kwenye lengo, kama tulivyofundisha zamani. Mpira huanza kwenye lengo, kisha unapinda na kulikimbia kwenda kulia. Wanaita slaisi, wanaacha feidi, kumbe kosa lilikuwa pale waliposimama. Na usidharau digrii moja ya uso: kwa umbali wa mita 200 ni mita 3 na nusu za mwelekeo, kabla hata mpira haujaanza kupinda.

Wewe mpira wako ulikuwa unaanza kushoto na kurudi. Hiyo ni feidi. Slaisi ni ule unaoanza kulia au katikati na kuendelea kukimbia kulia bila kurudi popote. Wenzako walikosea jina, ukaenda kutibu ugonjwa usiokuwa nao.

Mpira unaozama kushoto una sababu mbili zinazowezekana. Ya kwanza ni kwamba katika kutafuta droo umejifunza kupeleka fimbo kulia, na uso umebaki kwenye lengo. Ya pili watu hawaitazami: unagusa mpira kwenye ncha ya kichwa cha draiva, upande ulio mbali na mpini. Mpira ukigusa upande wa ncha, kichwa kinageuka nyuma, na mgeuko huo unauzungusha mpira uelekee kushoto, kama meno ya gia mbili zinavyosukumana. Ukigusa upande wa kisigino, ulio karibu na mpini, unazungushwa kulia. Uso wa draiva umefanywa mviringo kidogo kwa ajili hiyo, ili mpira wa ncha uanzie kulia ndipo urudi. Unaweza basi kuwa na swingi (mzunguko mzima wa kupiga) nzuri kabisa, uso na njia viko sawa, na sentimita mbili za kugusa zikakuharibia kila kitu. Mwenye feidi akigusa kwenye ncha, feidi inanyooka au inageuka. Akigusa kisigino, inakuwa slaisi ya kweli.

Usikisie ni ipi. Nunua kalamu ya ubao mweupe. Chora doa nene kwenye mpira, uweke juu ya kijiti cha tii doa likitazama uso wa draiva, kisha piga. Wino utabaki kwenye uso wa fimbo mahali ulipogusa. Tazama, futa kwa taulo yenye unyevu, chora tena. Mipira kumi inatosha kukupa picha. Ninaowafundisha wengi hushtuka, kwa sababu walidhani wanagusa katikati na madoa saba kati ya kumi yamekaa upande mmoja. Madoa yakirundikana kwenye ncha, mara nyingi umesimama mbali na mpira au mwili unainuka wakati wa kupiga. Sogea nusu hatua ya mtoto na urudie. Mpaka madoa yakusanyike katikati, usiguse kingine chochote kwenye swingi yako.

Yakishakusanyika, simama hivi. Weka tii upande wa kulia wa uwanja wa kupigia, maana kutoka hapo unalenga ukikatisha kuelekea kushoto na unakuwa umeupa mpira nafasi ya kurudi. Mpira uwe mkabala na kisigino cha mguu wa kushoto. Kwanza weka uso wa draiva ukitazama ukingo wa kushoto wa feawei, halafu ndipo upange miguu na mabega kushoto kidogo kupita uso. Utaratibu huo wa uso kwanza, mwili baadaye, usiugeuze. Shusha tii kidogo tu kuliko ulipokuwa ukitafuta droo. Mshiko ubaki wako wa siku zote. Ukitazama chini uone vifundo viwili vya mkono wa kushoto. Ukianza kuona vitatu au vinne, mkono umegeuka, na uso utafunga wakati usiotaka. Kisha piga swingi yako kwa kufuata mstari wa mabega. Usijaribu kuupindisha mpira kwa mikono. Jinsi ulivyosimama kumeshafanya kazi hiyo.

Kwa mazoezi, chomeka fimbo nyembamba ardhini mita tatu mbele yako kwenye mstari wa lengo. Kila mpira upite kushoto kwa fimbo hiyo, kisha urudi. Piga mipira 20 na uandike mambo mawili tu: mingapi ilipita kushoto kwa fimbo, na mingapi ilianza kushoto ikaendelea kushoto. Umbali usiuandike. Ile ya hesabu ya pili ndiyo adui. Ikifika miwili au zaidi kati ya 20, rudi kwenye kalamu na mshiko.

Kuhusu umbali, ni kweli droo mara nyingi hukimbia zaidi ikitua, kwa sababu uso uliofunga hupunguza mwinuko wa mpira na mzunguko wake wa nyuma. Lakini tazama mabingwa wa gofu waliochagua feidi. Ben Hogan aliteswa na mpira wa kupinda kushoto miaka yake ya mwanzo, akageukia feidi, na mwaka 1953 akashinda mashindano makubwa matatu: Masters, US Open na The Open. Jack Nicklaus, aliyeipenda feidi kuliko pigo lolote, alishinda Masters mara 6 pale Augusta, kwenye uwanja wenye mashimo (njia kutoka tii hadi tundu) kadhaa yanayokata kona kushoto na unaosifiwa kuwa wa wenye droo. Sisemi droo ni mbaya. Rory McIlroy anaipiga ukastaajabu, na kama ungeniandikia kwamba tangu utoto mpira wako unapinda kushoto, ningekuambia ubaki nayo. Pigo la kuaminika ni lile mwili wako unaloleta wenyewe ukiwa umechoka kwenye shimo la 16.

Shimo likikata kona kushoto na miti imeziba, rudisha draiva kwenye begi la kedi, mbeba fimbo wako. Chukua fimbo ya mbao ya tatu au chuma kirefu, fika kwenye kona, cheza pigo la pili kutoka hapo. Kwa handikapu 17 hilo halikugharimu chochote.

Limebaki jambo la Dar es Salaam. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na hewa nyepesi hupunguza kupinda kwa mpira na kuuacha uende mbali. Ukishuka pwani, hewa nzito itaishika feidi yako zaidi: itapinda kuliko ulivyozoea na itatua mapema. Upepo wa usoni utaongeza kupinda tena, na unaotoka kushoto utausukuma mpira kulia zaidi. Nenda siku moja kabla. Piga mipira kumi ya draiva, umtume kedi asimame kule inakotua, akupimie kwa hatua imerudi kiasi gani kutoka mstari iliyoanzia. Ukipata hatua 20 badala ya 15 za Arusha, ongeza hatua tano kushoto kwenye kulenga kwako, na swingi uiache kama ilivyo.