Cheti kimeandika "Strong Blue"? Toka nalo nje kwanza

Juzi, saa tano usiku, mdogo wangu alinitumia picha ya cheti cha almasi kwa WhatsApp. "Dada, angalia mstari wa chini. Fluorescence: Strong Blue. Nimrudishie sonara jiwe lake?" Anataka kuposa Desemba, na kuna mjuaji mmoja kazini kwao kamtisha kwamba jiwe la namna hiyo, yaani linalowaka bluu kali chini ya kitaa cha zambarau, ni bovu.

Sikumjibu usiku ule. Mstari huo ulishanila dirham 300.

Ilikuwa 2019, baba watoto wangu akiwa bado mchumba na akifanya kazi Sharjah. Tulikwenda Deira, Dubai, kwenye soko la dhahabu, tukiwa na hela ya kuhesabu. Duka la kwanza muuzaji alizima taa za kabatini, akalimulika jiwe kwa kitochi cha zambarau. Likawaka bluu, bluu ya kweli kweli, mpaka nikashika mdomo. "Hii inaitwa bluu-nyeupe, madam, ni adimu," akasema, na kwa uadimu huo akapandisha bei. Tukaacha arbuni. Duka la tatu, mzee mmoja alitutolea jiwe la uzito na rangi ileile, nalo likiwaka vilevile, akatwambia hili ni nafuu kwa sababu linawaka. Tulitazamana tu. Arbuni haikurudi.

Kwa hiyo tuanze na hicho kinachowaka. Umewahi kuona wakala wa pesa akipitisha noti chini ya kile kitaa cha zambarau, nyuzi na alama zikajitokeza? Fluoresensi ya almasi ni jambo lilelile. Mwanga wa urujuanimno, ambao macho hayauoni, unapiga jiwe, na jiwe linaurudisha kama mwanga unaoonekana. Ukizima taa, kwa kawaida na jiwe linazima. Karibu almasi moja katika kila tatu au nne ina tabia hii kwa kiwango fulani, na nyingi mno kati ya hizo huwaka bluu. Chanzo ni naitrojeni: atomi tatu zimekizunguka kitundu kisicho na atomi ya kaboni. Kinachonichekesha ni kwamba naitrojeni hiyohiyo ndiyo inayozipa almasi nyingi ule umanjano ambao wanunuzi wanaukimbia.

Bibi yangu alikuwa akitia nili kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia kanzu za babu. Hakuwa anazipaka rangi. Alikuwa anaua umanjano. Bluu ya almasi nayo hufanya kazi hiyo juani, kwa sababu jua lina urujuanimno wa kutosha. Chini ya balbu za LED za sebuleni, ambazo nyingi hazitoi urujuanimno wa maana, jiwe linabaki na rangi yake tu.

Ndiyo maana rangi ndiyo ya kutazama kwanza kwenye cheti. Rangi hupangwa kwa herufi, kuanzia D isiyo na umanjano kushuka chini. Ukinunua daraja la I, J au K, ambamo umanjano umeanza kuchungulia, bluu ya wastani au kali huenda ikawa rafiki yako. Ukinunua D, E au F, jiwe halina umanjano wa kuuawa, na huko ndiko wafanyabiashara wanakata bei zaidi pakiandikwa Strong. Wanaogopa ukungu. Yapo kweli mawe machache sana yenye bluu kali ambayo kwenye mwanga wa mchana huonekana kama yamepakwa maziwa, au kama kioo kilichopumuliwa. Jiwe la hivyo liache hata likipunguzwa nusu bei. Lakini ni machache, na mara nyingi ukungu huo una chanzo kingine ndani ya jiwe ambacho mwanga unakifichua tu. Taasisi ya vito ya Marekani, GIA, iliwahi kuwaonyesha watu mawe haya, ikachapisha matokeo mwaka 1997: watazamaji wa kawaida hawakuona tofauti ya maana, na mabingwa waliona kwamba yenye bluu kali yana rangi nzuri zaidi yakitazamwa kwa juu.

Jina "bluu-nyeupe" lenyewe lilitumiwa vibaya kiasi kwamba Marekani miongozo ya biashara inakataza kuliita hivyo jiwe lenye chembe ya rangi nyingine isiyo bluu. Ukilisikia dukani, funga pochi.

Yule mzee wa duka la tatu alitufundisha kwa vitendo. Alilifuta jiwe kwa kitambaa, maana almasi inapenda mafuta (migodini waliwahi kuzinasa kwa meza zilizopakwa grisi) na kidole chako tu kinatosha kuzua ukungu wa uongo. Kisha akalishika kwa kibano, akatoka nasi hadi kwenye mwanga wa mchana, akaliweka kichwa chini juu ya karatasi nyeupe, kivulini. Si kwenye jua la utosi. Pale almasi yoyote inameta na kuwa nyeusinyeusi, hutaona kitu. Akaweka jingine lisilowaka pembeni yake. Langu halikuwa na maziwa, na lilikuwa dirham 1,100 chini ya mwenzake. Nimelivaa mpaka leo.

Na kitochi kisikudanganye kwa jambo jingine: kuwaka si ushahidi kwamba almasi ni ya kweli. Almasi nyingi halisi haziwaki kabisa, na vipo visivyo almasi vinavyowaka. Cheti chenye namba ndicho cha kuhakiki. Kama kimeandika bluu hafifu au ya wastani, mimi nisingepoteza hata dakika kuihofia. Ikiwa ni manjano badala ya bluu, hapo tazama kwa makini, maana inaweza kuongeza umanjano.

Asubuhi nilimpigia mdogo wangu nikamweleza hayo yote. Jiwe lake ni J. Jioni akatuma picha: almasi juu ya karatasi, taa ya dukani ikiwaka kama uwanja wa mpira. "Vipi, Dada, lina ukungu?"

Nikamjibu picha ya simu haitaniambia, arudi kesho saa nne asubuhi, atoke nalo mlangoni, na bei asiitaje kabla hajaliona.