Nguzo ya Malindi, Vita vya Malabar, Witu na Kuku wa Mekatilili

Maalim, ni kweli kwamba Ahmad ibn Majid, yule baharia Mwarabu, ndiye aliyemwongoza Mreno Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Calicut, India? – Msomaji, Malindi

Sikubaliani na kauli hiyo, ingawa imerudiwa sana. Waandishi wa Kireno wa karne ya 16 wanamtaja Mwislamu wa Gujarat, nao wanamwita “Malemo”, ambalo ni neno hilihili mnaloniitia mimi, walilopewa mabaharia waliozijua nyota na pepo. Chombo kiling’oa nanga tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikianza kuvuma, kikafika karibu na Calicut tarehe 20 Mei. Linalonishughulisha zaidi ni sababu ya Malindi kumkaribisha mgeni ambaye Mombasa ilimshuku: miji hii miwili ilikuwa ikishindana, na mfalme wetu aliona kwamba mizinga ya Wareno ingemfaa dhidi ya jirani yake. Mombasa ikachomwa moto mwaka 1505. Lakini Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 walihamia hukohuko Mombasa, na Malindi ikadidimia. Kila nipitapo penye ile nguzo nyeupe ya Vasco da Gama yenye msalaba, juu ya mwamba unaopigwa na mawimbi, urafiki ule huniuma.

Na watu wa Calicut, walinyamaza? – Msomaji, Langoni, Lamu

Hawakunyamaza. Wareno walimlazimisha kila mwenye jahazi kununua hati ya kusafiria katika bahari ambayo hakuna aliyewahi kuihesabu kuwa mali yake, na chombo kisicho na hati kilitekwa pamoja na shehena yake. Mabaharia Waislamu wa Malabar, pwani ulipo mji wa Calicut, wakiongozwa na maamiri wa ukoo wa Kunjali Marakkar, walipambana nao kwa takriban karne nzima kwa vyombo vyepesi vya makasia, hadi Kunjali wa mwisho alipouawa Goa mwaka 1600.

Wajerumani walifikaje Witu? – Msomaji, Mpeketoni

Kwa mkataba. Sultani Ahmed wa Witu, aliyeitwa Simba, alitafuta kinga dhidi ya Sultani wa Zanzibar, akawapa ardhi ndugu wawili wa ukoo wa Denhardt, na mwaka 1885 Ujerumani ikatangaza himaya yake. Miaka mitano baadaye Ujerumani iliiachia Uingereza Witu na kupewa kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, Ulaya, bila watu wa Witu kuulizwa. Wajerumani kadhaa walipouawa huko Septemba 1890, Waingereza waliuteketeza mji mwezi uliofuata.

Bibi yangu husimulia habari za kuku wa Mekatilili. Ugomvi ulikuwa wa nini hasa? – Mwanafunzi, Marafa

Mshike bibi yako, mwanangu, uyaandike anayoyasema. Wazee husimulia kwamba Mekatilili wa Menza aliweka kuku na vifaranga vyake mbele ya ofisa Mwingereza, Arthur Champion, akamwambia ajaribu kuchukua kimoja; kuku akamdonoa, naye Champion akampiga kuku risasi. Vifaranga ndio vijana wa Kigiriama, ambao serikali iliwataka wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi, huku kila nyumba ikidaiwa kodi. Mwaka 1913 Mekatilili alizunguka akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na kuwakusanya watu kwenye Kaya Fungo, boma takatifu la Wagiriama, ambako walikula kiapo cha kutoitii serikali. Yeye na Wanje wa Mwadorikola walikamatwa, wakapelekwa Kisii, wakatoroka na kurudi kwa miguu. Agosti 1914 kaya ililipuliwa kwa baruti, na Wagiriama waliokuwa kaskazini ya mto Sabaki wakaamriwa kuhama. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walivuka mto tena, wakalima upande huo ulipo wewe leo.