Bondia akifungiwa, na aliyemfunga bandeji je?

Ndugu uliyeuliza kwa nini bondia Mike Tyson hakufungiwa maisha baada ya kumng'ata mpinzani wake Evander Holyfield sikio, nitakujibu, halafu nikupeleke kwenye kesi inayoniuma zaidi. Nimekaa kona za mabondia miaka mingi, nikiwafunga bandeji mikononi.

Ilikuwa Juni 28, 1997, Las Vegas. Tyson aling'ata mara ya kwanza akakatwa pointi mbili, akarudia, akaondolewa pambanoni. Siku 11 baadaye tume ya michezo ya jimbo la Nevada ilimfutia leseni na kumpiga faini ya dola milioni 3. Malipo yake yalikuwa milioni 30, na sheria haikuruhusu faini izidi asilimia 10. Leseni alitakiwa kuiomba upya baada ya mwaka, akarudishiwa Oktoba 1998. Binafsi naona adhabu ile ilikuwa halali: aliyeng'ata ni yeye, aliyelipa ni yeye.

Sasa kesi ya bondia Antonio Margarito. Januari 24, 2009, Los Angeles, anafungwa bandeji chumbani kabla ya kupigana na Shane Mosley. Naazim Richardson, kocha wa Mosley, alikuwa pale anatazama, akaitilia shaka pedi iliyowekwa juu ya vifundo vya ngumi. Bandeji ikafunguliwa, pedi ikakutwa ngumu, ina kitu kama plasta ya kuganda, ile ya kufungia mfupa uliovunjika. Akafungwa upya, akapanda ulingoni, akapigwa hadi pambano likasimamishwa raundi ya 9. Kocha wake, Javier Capetillo, alijitetea kwamba alichukua pedi kimakosa. Bondia akasema hakujua kitu. Februari tume ya michezo ya jimbo la California iliwafutia leseni wote wawili.

Wapo wanaosema bondia alionewa. Mimi jicho langu linabaki kwa kocha, kwamba naye aliitwa, akahojiwa, akaadhibiwa kwa jina lake. Kwetu hilo sikuliona.

Nasema hivyo kwa sababu na mimi nimewahi kuharibu. Pambano la raundi 6, mkoani, kijana wetu anaitwa ulingoni na mikono haijakamilika kufungwa. Nikapitisha plasta ya kunata juu ya vifundo, mahali ninapojua kabisa haitakiwi, ili bandeji ishike haraka. Akashinda kwa pointi. Walipomvua glovu, msimamizi akaiona. Ushindi ukafutwa, kijana akafungiwa miezi 6, na nusu ya malipo yake ikakatwa. Nilisimama nikasema mikono nimefunga mimi. Nikajibiwa kuwa leseni ni ya bondia. Wiki mbili baadaye nilikuwa kona ya bondia mwingine, hakuna aliyeniuliza.

Yule kijana alikuwa anamlipia mdogo wake ada kwa hela ya ngumi. Nilimpa malipo yangu ya siku ile, hayakufika hata robo ya kilichokatwa. Miezi 6 kwa bondia wa huku ni uzito kuongezeka, promota kukusahau, na kurudi kubeba mizigo sokoni. Alirudi ulingoni baada ya mwaka mzima, na kasi yake haikurudi naye.

Kwa hiyo ukiwa na bondia anayeshitakiwa, usikubali maamuzi ya mdomo pale ukumbini. Dai barua inayotaja kosa, kifungu cha kanuni, muda wa adhabu na siku za kukata rufaa. Kama kosa ni la kona, kocha aandike maelezo yake na kuyasaini siku hiyohiyo, yaingie kwenye faili. Bila karatasi hiyo, kijana atabeba peke yake.

Siku hizi nikimaliza kufunga mikono namwita mtu wa kona ya mpinzani aipapase mwenyewe, kisha msimamizi anasaini juu ya bandeji kwa kalamu kabla glovu hazijavaliwa. Hata ulingoni wakiita mara tatu, hatutoki chumbani kabla sijaiona saini hiyo.